Mayai ya Kadi

Katika miaka ya vita vya pili vya nchi yetu hapakuwa na benki iliyofanya kazi Butembo. Jengo lilikuwepo, na bango lake lilikuwa bado linaning'inia kwa upande mmoja, lakini ndani waliuza maharagwe. Pesa za wafanyabiashara zilisafiri ndani ya nguo, ndani ya tairi la akiba, ndani ya magunia ya kahawa, na mara nyingi hazikufika. Mimi niliyaona hayo kwa sababu sikuwa na mahali pa kukaa. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nilikuwa mtu wa kuomba nafasi juu ya magari: msimu mmoja Kasindi, mwingine Kasese ng'ambo ya mpaka, kisha Kyavinyonge nikikausha samaki, kisha Butembo tena. Kila mahali niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Kasese nilijifunza Kiingereza kwa kuwasomea madereva karatasi za forodha, na Kiingereza hicho ndicho kilichonipatia kazi kwa mzee mmoja wa Butembo tuliyemwita Patron.

Patron alinunua kahawa kwa wakulima wa Lubero, akaipeleka Kampala, na kwa mapato yake akaenda Dubai kununua makufuli, betri na vipuri vya baiskeli. Kontena hakulijaza peke yake. Alikuwa na wenzake wawili. Wa kwanza tulimwita Hadji, mtu wa Beni mwenye magari ya Fuso, ambaye kila safari aliagiza vipuri vya magari. Wa pili alikuwa mama mjane wa Bungulu, kule kule Beni, aliyeuza vitenge. Patron alisafiri kwa niaba ya wote watatu, nami nilimfuata mpaka Kampala kuwa mdomo wake na macho yake.

Mama wa Bungulu alikuwa na binti mmoja. Siku wenye bunduki walipopora mtaa wao, risasi ilimpita msichana huyo kwenye taya. Hakufa. Kidonda kilifunga, lakini mfupa ulibaki umevunjika, na tangu siku ile alikula uji na mchuzi tu, na aliposema alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Masista wa zahanati waliandika barua mbali, mpaka wakapata hospitali moja ya India iliyokubali kumtengeneza taya bila malipo. Safari tu ndiyo ingekuwa juu ya familia. Tiketi mbili, maana mtoto hawezi kwenda peke yake. Mama alikwisha kukusanya pesa za tiketi mara mbili. Mara ya kwanza ziliishia kwenye kizuizi cha barabarani. Mara ya pili zilimkomboa kaka yake aliyekuwa amefungwa ndani ya shimo na watu wenye bunduki.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa niliporudi kutoka Kampala na karatasi mbili za rangi, kila moja ya benki yake. Patron alikuwa ameamua kuacha kubeba dola mwilini. Alikuwa na pesa za kahawa Kampala, na benki zote mbili zilikuwa tayari kushika sehemu ya pesa hizo kama dhamana na kumpa kadi ya kulipia Dubai. Ilibaki kuchagua. Tulikaa asubuhi kwenye depo yake, juu ya magunia, yeye na Hadji na Mama aliyekuwa amepanda kutoka Beni, nami nikawasomea.

"Soma polepole," Patron akasema. "Hapa hakuna anayekufukuza."

Kadi ya kwanza ilikuwa ya bluu. Ilikuwa imeungana na kampuni ya ndege, na kila dola unayolipa nayo ilikuzalia pointi. Pointi zikijaa unazibadilisha kwa tiketi, na tiketi unaweza kumpa yeyote unayemtaja. Lakini ada yake ya mwaka ilikuwa nzito. Kadi ya pili ilikuwa ya kijani. Ada yake ilikuwa nyepesi, haikujua ndege, ila mwisho wa mwaka ilirudisha pesa kidogo kwenye hesabu ya biashara.

"Na tukichelewa kulipa deni la mwezi?" Hadji akauliza.

"Wanaongeza."

"Wanaongeza nini?"

"Wanaongeza juu ya deni."

"Riba," Hadji akasema, akaweka kofia yake sawa. "Ile miye sitaki kuiona na macho."

"Ukilipa yote mbele ya tarehe, hawaongezi kitu."

"Donc tunalipa yote. Patron, umesikia? Ukichelewa siku moja, natosha gari zangu, naziondoa zote."

"Hadji, gari zako zinachelewa kila siku. Nani amekutosha?"

Mama alicheka kidogo, kisha akaniomba nirudie ile ya kijani. Nikarudia.

"Ile pesa inarudi kwa nani?"

"Kwa biashara, Mama. Halafu munagawanya."

"Basi itakuliwa," akasema. "Weye utagonjwa, Hadji gari itavunjika, miye nitaitwa kukomboa mutu. Pesa ina midomo mingi. Mais tiketi, nani anaweza kuikula? Askari wa barrière akiichukua, ataenda nayo wapi? Imeandikwa jina la mutoto yangu."

 Patron alichukua ile karatasi ya bluu, akaitazama picha ya ndege kwa muda mrefu, ingawa hakujua kusoma maneno yake. Hadji alikumbusha kwamba wauzaji wengi wa Dubai huongeza bei kidogo ukilipa kwa kadi, na kwamba ada ile ya mwaka ingetosha kununua tairi. Patron akasema tairi likipasuka linatupwa, na ubishi ukaisha hapo. Walikuwa wamechagua ya bluu.

"Maliza kusoma," akaniambia. "Ata ile maandishi ya batoto ya chini."

Maandishi yale madogo yalikuwa mengi. Nilisoma kuhusu kadi iliyopotea, kadi iliyoibwa, mtu aliyehama. Karibu na mwisho nikafika pahali palipoandikwa kwamba pointi ni za mwenye kadi peke yake, haziuzwi, hazirithiwi, na kwamba mwenye kadi akifa nazo zinakufa.

"Rudia," Patron akasema.

Nikarudia.

"Kuku akikufa, mayai yake inakufa?"

Wakacheka wote, nami nikacheka. "Bazungu," Hadji akasema, "banaandika tu juu ya kujaza karatasi." Tangu siku ile pointi zikaitwa mayai.

Tulicheka kwa sababu jambo lenyewe halikuwa na mahali pa kuingilia vichwani mwetu. Kwetu mfanyabiashara akifa, nafasi yake ndani ya kontena haifungwi. Wenzake wanaijaza, wanauza, wanampelekea mjane, mpaka mtoto mmoja akue. Siku ya maziko mkubwa wa familia anasimama mbele ya watu na kuuliza: nani ana kitu cha marehemu, na marehemu ana kitu cha nani? Watu wanajitokeza, hata wale ambao hakuna aliyewajua. Halafu familia inatuma watu wazunguke kila mahali marehemu alipofanya kazi, kutangaza kifo chake kabla hawajagusa chochote chake. Katika vita vile tulikuwa tumeona vitu vikiporwa, vikichomwa, vikitupwa mtoni. Kitu kilichochumwa kwa haki na kikakoma kwa sababu mwenyewe amezikwa, hicho hatukuwa tumekiona.

Kadi ilianza kazi. Patron aliiweka ndani ya kifuko cha rozari, shingoni, chini ya shati. Dubai, muuzaji wa kwanza aliipitisha kwenye mashine mara kadhaa na mashine ikaikataa, na Patron akasimama pale jasho likimtoka kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi, mpaka ikakubali. Baadaye alijifunza ujanja. Wafanyabiashara wengine wa kwetu waliolala hoteli moja naye walimpa dola zao mkononi, naye akawalipia bidhaa zao kwa kadi yetu. Dola zile alizirudisha benki kabla ya tarehe, na mayai yakabaki kwetu. Hadji alipoisikia habari hiyo aliniuliza kama kuna riba ndani yake. Nilimwambia sioni. Akasema, "Kama weye unayeuliza yote hauoni, basi haiko."

Kila tuliporudi tukipitia Beni, gari lilisimama Bungulu, na Mama alitoka dukani akijifuta mikono.

"Imetaga?"

"Imetaga, Mama," Patron alimjibu.

Msichana alisimama nyuma ya mlango na kusikiliza. Siku moja aliniita pembeni akaniuliza, kwa sauti yake iliyopita kando ya ulimi, kama ni kweli ndani ya ndege watu hupewa chakula. Nilimwambia nimesikia hivyo. Akauliza kama wanaweza kumpa mtu uji. Sikujua. Nilimwahidi kwamba nitauliza Kampala, na niliuliza kweli, kwa dada wa benki aliyetuuzia ile kadi. Dada huyo alikuwa Mkonzo wa Kasese, na Kikonzo na Kinande chetu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo tulisikilizana bila Kiingereza. Alisema wanaweza, ukiwaambia mapema. Aliandika ile habari ya uji kwenye kompyuta yake hapo hapo, akisubiri jina.

Barua ya India ilikuja na tarehe. Mayai yalikuwa yametosha tiketi mbili. Patron alitaka kwenda mwenyewe kutia saini, maana dada wa benki alimwambia mara ya kwanza kubadilisha pointi ni lazima mwenye kadi aonekane, au apige simu na kutaja neno lake la siri. Neno hilo nililijua. Mara nyingi, tukiwa Kampala, Patron alinisukumia simu nimjibie benki kwa Kiingereza, yeye akiwa ameketi pembeni anatikisa kichwa. Lakini kulikuwa na kahawa ya kupeleka pia, na Hadji alikuwa na Fuso tayari, basi Patron akapanda mbele, karibu na dereva. Mimi niliachwa Beni kumalizia karatasi za safari za Mama na binti yake.

Habari niliisikia kwenye nyumba ya fonii, ile redio ya kupiga simu, ambapo watu hupanga foleni kwenye benchi na kila mtu anasikia ya mwenzake. Sauti ya Kasindi iliita Butembo, nasi wa Beni tukaisikia pia. Ilisema gari la Hadji limeshambuliwa kwenye barabara ya mbugani, limechomwa na kahawa yake, na watu wawili wa mbele hawakutoka wazima. Ni nani waliofanya, hatukujua siku ile na hatujajua mpaka leo. Mwendesha fonii wetu aliingilia, "Rudia majina." Sauti ikarudia. Aligeuka kuniangalia, kwa kuwa alijua nafanya kazi kwa nani, akavua vifaa vyake vya masikioni na kuviweka mezani.

Patron alizikwa Butembo. Kifuko cha rozari kilirudi pamoja na mwili, na kadi ndani yake, upande mmoja umepinda kwa moto. Siku ya maziko mkubwa wa familia aliuliza lile swali, na watu wakajitokeza: mkulima wa Luofu aliyekuwa amepewa pesa za kahawa ambayo bado iko mtini, mwanamke aliyemkopesha mzani. Mambo yakanyooshwa moja moja. Kisha mjane wa Patron akatuita, Hadji na mimi, mbele ya wote. Mama wa Bungulu alikuwa ameketi karibu naye juu ya mkeka.

"Mutaenda Kampala," mjane akasema. "Kila mahali aliingia, muingie. Museme amekufa. Musianze na kitu ingine."

Akampa Hadji kile kifuko. Mama wa Bungulu alikitazama kikipita mkono kwa mkono, akasema, "Muende na amani."

Njiani nilimkumbusha Hadji yale maandishi madogo ya chini. Tulikuwa juu ya mizigo ya gari la mtu mwingine, maana lake la mwisho, baada ya mengine kuporwa, lilikuwa majivu.

"Sasa unasemaje?" akauliza. "Tufike pale tudanganye mutoto wa batu kwamba Patron iko muzima?"

"Sisemi kitu, Hadji. Nakumbusha."

"Tutasema kwanza. Halafu tutalomba. Mutu anaombwa kwa heshima, anasikia."

Na Kampala ilionekana kumpa haki. Tuliingia kwa mnunuzi wa kahawa, Mhindi mzee, Hadji akavua kofia na kusema. Mzee yule alifunga duka saa za kazi, akatupa chai, akatupa magunia ya mkonge ambayo Patron aliyaacha kwake. Kwenye hoteli aliyolala Patron siku zote, msimamizi alitoa viatu vyake vya Jumapili, vimepakwa rangi, na mwavuli. Kule sokoni Kikuubo muuza betri tuliyedhani hatatukumbuka alitoa katoni iliyokuwa imelipiwa na haijachukuliwa, na akaongeza moja ya rambirambi. Hadji alitembea na mwavuli wa marehemu chini ya kwapa, na kila tulipotoka mlango aliniangalia.

Benki ilikuwa ya mwisho. Yule dada alituona tangu mlangoni, akasimama na kutusalimu kwa Kikonzo, akatazama nyuma yetu.

"Na Mzee wetu yuko wapi?"

Hadji alivua kofia. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayesimama kwenye maziko, na watu wa meza za jirani wakainua vichwa. Alisema mahali, na moto, na kwamba tumemzika.

Dada aliweka mkono mdomoni. Kisha akatupa pole kama inavyotakiwa kwetu, bila haraka: aliuliza ameacha watoto wangapi, nani alisimama maziko, mjane analala na nani. Tukamjibu yote. Alipomaliza, mikono yake ilibaki juu ya mashine bila kubonyeza kitu.

"Na mlikuja kufanya nini?" akauliza polepole.

"Kukuambia," Hadji akasema. "Na kulomba zile tiketi za mutoto. Tarehe imekaribia."

Dada aligeuka kidogo. Nyuma yake mwanamume mmoja mwenye tai alikuwa ameacha kuandika na anatusikiliza. Dada aliinama kama anayetafuta kalamu, akaniambia kwa Kikonzo, chini chini, "Mngeanza na tiketi. Mngepiga simu. Sasa amesema, na wenzangu wamesikia."

"Anasema nini?" Hadji akauliza.

Nikamtafsiria.

"Mwambie kwetu mutu anaanza na maiti."

"Anajua, Hadji. Na kwao ni vile vile."

Yule mwenye tai alikuja, akatupa mkono, akatueleza kwa adabu. Dhamana ni mali ya familia, italipwa yote wakileta karatasi za kifo na za urithi. Deni la mwezi halikuwepo, Mzee alikuwa mteja safi. Pointi, hapana. Nilimuuliza kwa nini. Alisema ndiyo masharti. Nilimuuliza zinakwenda wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa moshi unakwenda wapi, akasema haziendi, zinafutwa. Nikamwomba nione. Sijui kwa nini nilitaka kuona, ila nimekuwa hivyo siku zote. Dada aligeuza kioo cha mashine upande wetu. Kulikuwa na jina la Patron, na chini yake ile namba ndefu tuliyoilisha kwa safari zake zote, na chini zaidi mstari mmoja kuhusu uji. Alibonyeza. Namba ikawa sifuri. Mstari wa uji ulibaki.

Kisha akachukua mkasi, akakata kadi katikati, kama walivyotakiwa kufanya. Vipande aliviweka ndani ya bahasha, akampa Hadji kwa mikono miwili.

Tulipofika Bungulu Mama hakutoka dukani. Tuliingia, tukaketi, na Hadji alieleza yote tangu kwa Mhindi wa kahawa. Alitaja viatu, akataja katoni ya rambirambi. Alipofika benki alipunguza sauti. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mulisema amekufa?"

"Tulisema, Mama."

"Mbele ya yote?"

"Mbele ya yote. Tulianza na ile."

"Mulifanya vizuri," akasema, akaendelea kukunja kitenge ambacho kilikuwa kimekwisha kukunjwa.

Msichana alikuwa amesimama mlangoni. "Sasa mayai iko na nani?" akauliza.

Nilitafuta jibu. Siku walipopora nyumba yao walichukua cherehani ya Mama, na Mama aliijua iliko. Alikuwa akipita kando ya ukuta wa nyumba moja ya wakubwa wa wakati ule na kuisikia ikishona, na aliitambua kwa mlio wake. Mabati yao yalikuwa juu ya paa la mtu. Hata pesa za kizuizini zilikuwa zimemlisha fulani. Nilizoea kwamba kitu kikitoka kwako kimeingia kwa mwingine, na unaweza angalau kumchukia.

"Haiko na mutu," nikamwambia.

Hakunielewa, nami sikuweza kumwonyesha. Aliomba bahasha. Alitoa vile vipande, akaviunganisha juu ya meza kwa vidole viwili, akasoma jina, akavirudisha ndani na kumpa Hadji ampelekee mjane wa Patron.

Kontena lililofuata lilichelewa sana, kwa sababu Hadji alianza tena na gari la kuazima. Lilipokuja, nafasi ya Patron ilikuwa ndani yake, imejaa makufuli, na mjane aliyapokea. Hakukuwa na kadi. Mtu mwingine alikwenda Dubai na dola ndani ya nguo.

Kabla ya hapo, tarehe ya hospitali ya India ilinikuta ningali Beni, nikitafuta gari la kunishusha Kyavinyonge. Nilipita Bungulu asubuhi. Mama alikuwa amefungua meza kama siku nyingine. Msichana alimpimia mteja kitambaa, akamwambia bei. Mteja hakusikia. Akamwomba arudie, naye akashusha kitenge kutoka mdomoni, akarudia.